Mjadala: Mtafiti wa ulemavu wa akili amuulize nani, mzazi au mwenyewe?

Mama (Likoni): Majuzi walikuja vijana wawili na tableti, wanafanya utafiti kuhusu ulemavu wa akili. Mwanangu ana miaka 22, yuko papo hapo anachambua mchicha. Maswali yote niliulizwa mimi: anapenda nini, ana marafiki, mtaani anatendewa vipi. Akadakia, "Mimi napenda feri." Kijana akacheka, hakuandika. Sasa huo ni utafiti juu yake au juu yangu? Mimi nasema aulizwe mwenyewe kwanza.

Mwanafunzi wa saikolojia (Kisauni): Shikamoo mama. Hao walikosa adabu, sikatai. Lakini kumhoji mwenyewe nako kuna mtego. Mwaka 1981 Sigelman na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba wenye ulemavu wa akili mara nyingi huitikia "ndiyo" kwa lolote. Mtu anaulizwa kama ana furaha, ndiyo. Akiulizwa kama ana huzuni, ndiyo vilevile. Ukizijumlisha hizo "ndiyo" utapata takwimu za kupendeza zisizo na maana. Jibu la mzazi angalau halibadilikibadiliki.

Mwalimu mstaafu (Tudor): Kutobadilika si ukweli, mwanangu. Nilifundisha darasa la watoto hawa. Ukimuuliza mmoja "Umeshiba?" atasema ndiyo hata kama hajatia kitu kinywani. Mwekee picha mbili, sahani iliyojaa na sahani tupu, uone atagusa ipi. Kasoro ilikuwa kwenye swali. Mzazi anajua mwanawe kala nini na kalala saa ngapi, lakini upweke atauonea wapi?

Mwanafunzi: Hapo nakubali nusu. Inategemea unatafuta nini. Jirani zetu Kilifi watafiti walitumia yale Maswali Kumi, ambayo huulizwa mzazi au mlezi: mtoto alichelewa kukaa au kutembea? Anaelewa akiambiwa jambo? Ni ya kuchuja tu nani huenda ana ulemavu, halafu mtoto huyo anapimwa na mtaalamu. Kwa kazi hiyo mzazi anatosha kabisa. Kwa hisia, hapana.

Baba (Changamwe): Mnabishana nani ajibu, mimi nauliza nani akubali. Kuanzia 1956, kwenye kituo cha Willowbrook, New York, watoto wenye ulemavu wa akili waliambukizwa homa ya ini makusudi ili ugonjwa uchunguzwe. Wazazi walitia saini! Wengine walitaka tu mtoto apate nafasi kituoni. Kwa hiyo karatasi iliyosainiwa na mzazi hainitulizi hata kidogo.

Mama: Subhanallah. Basi saini iwe ya nani?

Mwalimu mstaafu: Yake mwenyewe, akisaidiwa kuelewa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, unasema ana haki ya kuamua mambo yake na kupewa msaada wa kuamua. Aelezwe kwa maneno mepesi, kwa picha, na aulizwe tena katikati ya mahojiano kama bado anataka kuendelea.

Baba: Na asiyesema kabisa?

Mwalimu mstaafu: Anatazamwa. Akigeuza uso, akisukuma karatasi, akiinuka, hiyo ni hapana, na mtafiti afunge daftari lake.

Mwanafunzi: Lakini mwalimu, mgeni wa nusu saa atajuaje kwamba kugeuza uso ni kukataa, wala si kwamba jua linampiga machoni? Itabidi amuulize mzazi.

Mama: Mwanangu hugeuza uso akifurahi.