Gyarados haui mtu: nibadilishe mapigo au timu?

Mpiga_Zamu
Wakuu, nacheza mchezo wa video Pokémon Scarlet, viumbe sita kwa sita, leveli 100. Timu ni Gyarados, Charizard, Dragonite, Garchomp, Gengar na Snorlax. Gyarados ana Hydro Pump, Thunder, Ice Beam na Hyper Beam. Mapigo mazito, aina nne tofauti, lakini adui anabaki na nusu ya uhai. Tatizo liko wapi?

Kokotoa
Kote kote, ila tuanze na Gyarados. Attack yake ya msingi (nguvu ya mapigo ya kimwili) ni 125, Special Attack (nguvu ya mapigo maalumu) 60 tu, na mapigo yote manne uliyompa yanategemea Special Attack. Umemfunga mkono wenye nguvu.

Hydro Pump lina nguvu 110, Waterfall, linalotegemea Attack, 80. Yote ni ya maji kama yeye, kwa hiyo yanazidishwa kwa 1.5: 165 na 120. Sasa zidisha kwa takwimu husika: 165 × 60 ni 9,900, 120 × 125 ni 15,000. Bado sijagusa shabaha. Hydro Pump hupata 80%, maana yake kupata mara mbili mfululizo ni 64%. Hyper Beam usiliguse kabisa. Zamu inayofuata amesimama tu anasubiri kupigwa.

Mpe Dragon Dance (huongeza Attack na Speed, yaani mbio), Waterfall, Earthquake na Taunt (humzuia adui kutumia mapigo yasiyoumiza). Tabia Adamant (huongeza Attack), EV (pointi za mazoezi) 252 Attack, 252 Speed, 4 HP. Ukianzia sifuri ni vitamini Protein 26 za Attack na Carbos 26 za Speed: kila moja huongeza 10, ya mwisho 2. Speed itakuwa 261, na Dragon Dance moja huifikisha 391, wakati Gengar wa Timid (tabia inayoongeza Speed) aliyejazwa Speed huishia 350. Tera (aina anayogeukia vitani) iwe ardhi: umeme uliokuwa ukimpiga mara nne haumgusi tena. Ila majani, barafu na hata maji vitaanza kumuuma mara mbili.

Jiwe_la_Kona
Hata mapigo yakikaa sawa, Stealth Rock ya adui (mawe yanayoumiza kila anayeingia) itakumaliza. Charizard akiingia tu anapoteza 50% ya uhai, Gyarados na Dragonite 25% kila mmoja. Tena Multiscale (uwezo wa kupunguza maumivu) ya Dragonite hufanya kazi uhai ukiwa umejaa tu, hivyo mawe yanaivunja kabla hajapigwa. Wavalishe Charizard na Dragonite Heavy-Duty Boots, viatu vinavyozuia mawe hayo.

Barafu nayo. Dragonite na Garchomp wanaumia mara nne, na katika sita wako hakuna hata mmoja ambaye aina yake inaipunguza makali. Toa Gengar, weka Gholdengo: ni wa chuma, anapunguza barafu na mwamba pia. Akilengwa kwa ardhi unao watatu wanaoruka wa kumpokea. Snorlax mwache alivyo.

Mpiga_Zamu
Gholdengo si mzito? Gengar nilimtegemea kwa mbio.

Kokotoa
Mvalishe Choice Scarf, skafu inayoongeza Speed lakini inamfunga kwenye pigo moja. Timid na EV 252 za Speed ni 293, Scarf inaifanya 439. Mapigo: Make It Rain, Shadow Ball, Thunderbolt, Trick. Make It Rain hushusha Special Attack yake kila likitumika, kwa hiyo lirushe mara moja kisha mtoe. Trick, pigo la kubadilishana vifaa, ni la kumtwisha Scarf yule mkaidi anayejiponya kila zamu. Atabaki na pigo moja. Tahadhari: Scarf inakufunga wewe pia. Ukiwa umechagua Shadow Ball na adui akaleta Snorlax wake, halimgusi hata kidogo, ondoka zamu hiyo hiyo.