Chaosium ilifikaje pabaya mara mbili ilhali michezo yake inapendwa? Wajuzi nisaidieni

Dadu_Kumi

Wakuu salaam. Nimeanza kucheza Call of Cthulhu na wenzangu, ule mchezo wa mezani ambapo kila mtu anaigiza mhusika ndani ya hadithi ya kutisha, na umeninogea hadi nikaanza kufuatilia historia ya waliouchapisha. Ninachokisoma kinanichanganya. Mchezo upo tangu 1981, umetafsiriwa kwa lugha kibao, wachezaji hawaupi kisogo. Halafu nakuta kampuni yenyewe, Chaosium, ilikuwa hoi mwishoni mwa miaka ya 1990, ikawa hoi tena kufikia 2015. Kampuni yenye mchezo kama huu inafikaje huko? Mwenye kujua anidadavulie, na asichoke kuandika kirefu.

Msimulizi_wa_Mezani

Dadu, hili nimelichimba kwa miaka mingi, kwa hiyo nivumilie. Chaosium haikuwahi kukosa wateja wa Call of Cthulhu. Kilichoitesa mara zote mbili ni hela kuingia kwa mkupuo, nayo ikaanza kutumika kama faida wakati kazi yenyewe bado iko mbele.

Tuanzie kwa Greg Stafford. Tangu 1966, akiwa mwanafunzi wa chuo, alikuwa akiandika hadithi za ulimwengu alioubuni mwenyewe, Glorantha. Akautengenezea mchezo wa vita wa ubao, White Bear and Red Moon, akawapelekea wachapishaji, haukutoka. Basi 1975 akaanzisha kampuni yake mwenyewe huko California ili mchezo huo utoke. Naipenda sana sehemu hii ya historia. Kampuni ilizaliwa kwa sababu mtu alikataa kazi yake ife kabatini.

Mwaka 1978 ikaja RuneQuest, kazi ya Steve Perrin na wenzake, ikitumia Glorantha hiyohiyo. Kwangu mimi hapa ndipo ilipo hazina ya Chaosium. Mhusika hapandi daraja kwa ujumla, bali kila ujuzi una asilimia yake, na unakua kadiri anavyoutumia. Mwaka 1980 walizichuja kanuni hizo zikawa kijitabu cha kurasa 16, Basic Role-Playing. Fikiria maana yake kwa kampuni ndogo: mtu akileta wazo jipya, injini ipo tayari, kazi inayobaki ni kuuandika ulimwengu. Mwaka uliofuata Sandy Petersen akaifunga injini hiyo kwenye hadithi za kutisha za H. P. Lovecraft, ukazaliwa mchezo wako.

Itazame karatasi ya mhusika wako. Ukiwa na 60 kwenye ujuzi wa maktaba, unarusha dadu mbili za pande kumi, ukipata 60 au chini umekipata kitabu ulichokuwa unakitafuta. Hata ambaye hajawahi kucheza anaelewa palepale. Sasa angalia pointi za utimamu wa akili. Ukikutana na zimwi, zinapungua. Na kadiri unavyozidi kuzijua siri za Cthulhu, lile zimwi la hadithi za Lovecraft, na wenzake, ndivyo kiwango cha juu cha utimamu wako kinavyoshuka: ni 99 ukitoa asilimia ya ujuzi huo. Yaani maarifa unayoyahitaji ili ushinde ndiyo yanayokumaliza. Petersen aliipata hofu yote ya hadithi zile ndani ya hesabu moja ya kutoa! Sijaona kanuni nyingine inayobeba maana ya mchezo wake kwa ufupi namna hiyo.

Sasa mkasa wa kwanza. Miaka ya 1990 michezo ya karata za kukusanya, zile unazonunua kwa pakiti na kujipangia za kuchezea, ilishika soko, kila mchapishaji akataka kuingia. Chaosium ikatoa Mythos mwaka 1996, na mwanzoni zikauzika vizuri. Mwaka uliofuata wakatoa seti nyingine, kubwa, wakaichapa kwa wingi, haikuuzika kama ya kwanza. Mchapaji yeye anataka hela yake, maboksi yauzike yasiuzike. Wafanyakazi wakapunguzwa, na 1998 kampuni ikagawanyika: Stafford akaondoka na Glorantha yake, Call of Cthulhu ikabaki na Charlie Krank na Lynn Willis.

Mkasa wa pili ni wa Kickstarter, tovuti ambako watu huchangia mradi kabla haujatoka, na unaniuma zaidi, maana wachangiaji walikuwa mashabiki wenyewe. Mwaka 2012 walichangisha zaidi ya dola 200,000 kwa ajili ya kutoa upya Horror on the Orient Express, kisa kirefu cha kuchezwa kwa Call of Cthulhu. Mwaka 2013 wakachangisha zaidi ya dola 550,000 kwa toleo la saba la Call of Cthulhu. Mtu akiisikia hiyo hela anadhani wametajirika. Lakini kwenye kampeni hizi, kila lengo likivukwa, ahadi nyingine inaongezwa: kitabu cha ziada, ramani, kikorokoro fulani. Kila ahadi inachapwa, inafungashwa na kusafirishwa, nchi za mbali zikiwemo, na karatasi ni nzito. Nauli ya leo huwezi kuilipa kwa makadirio ya juzi.

KeteNyekundu

Mkuu umeeleza vizuri, ila mimi bado naona kosa kubwa lilifanyika 1984 walipoikabidhi RuneQuest kwa mchapishaji mwingine, Avalon Hill. Huo ulikuwa mchezo wao mkuu.

Msimulizi_wa_Mezani

Nakubaliana nawe nusu. Jina la RuneQuest lilikwenda Avalon Hill, lakini Stafford hakuiachia Glorantha. Ndiyo maana toleo la tatu likajengwa juu ya Ulaya ya kubuni, Glorantha ikatupiwa kijitabu ndani ya boksi. Mchezo ulipoteza roho yake, hilo sikupingi. Ila kuishikilia Glorantha ndiko kulikookoa mambo baadaye. Siku hizo kampuni ndogo ilihitaji mtu mwenye mtandao mkubwa wa maduka, na Avalon Hill walikuwa nao.

Dadu_Kumi

Asante sana wakuu. Sasa baada ya hiyo Kickstarter, nani aliwatoa shimoni?

Msimulizi_wa_Mezani

Juni 2015 Stafford na Petersen walirudi kushika usukani, Krank akaondoka. Petersen huyo miaka ya katikati alikuwa akitengeneza michezo ya kompyuta, jina lake limo kwenye Doom na Quake. Kisha wakaingia watu wa Moon Design, Rick Meints akawa rais wa kampuni. Hawa walikuwa mashabiki walioanza kwa kuchapisha upya vitabu vya zamani vya RuneQuest, na Glorantha walishainunua kwa Stafford. Kwa hiyo walipoingia, Glorantha na Call of Cthulhu zikarudi chini ya paa moja. Wakalipa pia deni la vitabu ambavyo wachangiaji wa Kickstarter waliahidiwa na walikuwa bado wanavisubiri: toleo la saba likawafikia wachangiaji, RuneQuest mpya ya Glorantha ikatoka 2018. Stafford alifariki Oktoba mwaka huohuo.

Kama mezani kwenu mnaifurahia Call of Cthulhu, jaribuni na RuneQuest. Hesabu za asilimia mtazikuta mnazijua tayari, kigeni kitakuwa ulimwengu tu.