Urea ikiyeyuka maji yanakuwa baridi, sasa mbona inayeyuka yenyewe?

mwana_s5_mbale
Habari zenu wakubwa. Niko S.5 (kidato cha tano) na hii topiki ya enajetiksi, yaani nishati kwenye riaksheni, inanisumbua. Tumeambiwa delta H, yaani joto linaloingia au kutoka, ikiwa hasi joto linatoka na riaksheni inaenda yenyewe, sawa, lakini nyumbani tukitia mbolea ya urea ya mahindi kwenye jerikeni maji yanapoa hadi unasikia mkononi, yaani delta H ni chanya, na bado inayeyuka bila kupikwa. Nani anaisukuma?

bodaboda_wa_sayansi
Si mnakoroga? Nguvu ni ya mkono huo 😂

ticha_kemia
Hapana ndugu, kukoroga kunaharakisha tu, iache usiku kucha itayeyuka yenyewe. Delta H ni nusu ya habari, nusu ya pili ni entropi, yaani nishati na chembe zimetawanyika kiasi gani. Urea kavu molekuli zake zimepangwa kwenye fuwele, ikiingia majini zinasambaa kila upande, entropi inapanda. Joto inalovuta, karibu kilojouli 15 kwa moli, linatoka kwenye maji na ndio maana yanapoa, hapo mazingira yanapoteza entropi kidogo, lakini urea imepata zaidi ya hiyo, kwa hiyo jumla ya entropi imeongezeka na sheria ya pili ya themodinamiki haitaki kingine. Mwanasayansi Gibbs aliyaweka pamoja: delta G = delta H − T × delta S, ambapo T ni halijoto kwa kelvini na delta S ni badiliko la entropi; delta G ikitoka hasi riaksheni inaenda.

mwana_s5_mbale
Asante mwalimu. Sasa mawe ya chokaa yakivunjika kuwa chokaa na kaboni dioksidi, delta H +178 na delta S +160, kwa kelvini 298 rafiki yangu amepata delta G hasi 47,502, ni sawa?

ticha_kemia
Banange! Kwa jibu hilo mawe yote ya chokaa ya Tororo yangeshakuwa unga kabla kiwanda cha simenti hakijajengwa. 178 ni kilojouli, 160 ni jouli, gawa kwa 1000 kwanza. 178 − 298 × 0.160 inatoa karibu +130, haiendi. Sasa tafuta T ambapo delta G ni sifuri: 178 ÷ 0.160 = kelvini 1112 hivi, toa 273 unapata kama nyuzi 840. Ndio sababu tanuru la chokaa linakula moto vile. UNEB, yaani baraza la mitihani la Uganda, wanapenda sana hili swali na kwenye yuniti ndipo maksi zinaanguka.

nakku_pcm
Naongeza kitu kimoja, delta G hasi haisemi riaksheni itachukua muda gani. Almasi kugeuka grafaiti ni hasi, kama kilojouli 3 kwa moli, lakini pete za watu haziwi penseli, maana kizuizi cha nishati ya kuanzia ni kirefu mno. Hiyo mtaikuta kwenye kinetiksi, topiki ya kasi ya riaksheni, msizichanganye kwenye pepa.