Naomba ushauri: kuoanisha etaloni mbili kwenye darubini ya Jua
Ndugu zangu, naomba msaada. Darubini yangu ya milimita 60 hutazama Jua kwa mwanga wa haidrojeni-alfa (mwanga mwekundu wa gesi ya haidrojeni), nanomita 656.28, na nimeiongezea etaloni (kichujio cha vioo viwili sambamba kinachopitisha ukanda mwembamba sana wa rangi) ya pili kwa mbele ili upana wa mwanga unaopita upungue kutoka angstromu 0.7 hadi takriban 0.5 (angstromu 10 ni nanomita 1). Nyuzi nyeusi za gesi usoni mwa Jua sasa zinaonekana vizuri ajabu, lakini ndimi za gesi za ukingoni zimefifia na kivuli hafifu cha Jua, yaani taswira yake ya pili, kimejitokeza pembeni. Nikiinamisha etaloni ya mbele, kivuli huondoka, ila mwanga unaopita husogea upande wa bluu na nusu ya duara hupoteza maelezo. Kichujio cha nyuma kinacholinda jicho sijakigusa. Je, nianze kurekebisha etaloni ipi?