Marko 5: nianzie kwa Yairo au kwa yule mwanamke?

Muulizaji: Bwana asifiwe wapendwa. Naandaa somo la kikundi la Marko 5:21-43, pale Yairo, mkuu wa sinagogi, anamwomba Yesu amponye binti yake, na njiani mwanamke mgonjwa anagusa vazi la Yesu na kupona. Nimeisoma tangu utotoni, ila safari hii nimeona jambo: mwanamke ameugua miaka 12, na binti wa Yairo ana miaka 12. Yaani huyu akianza kuteseka, kwa Yairo kulikuwa na kichanga! Nianzie kwa nani?

Jibu: Amina. Yairo. Mtoto yu kufani, Yesu anasimama kuuliza nani kamgusa. Kikundi kihisi kule kungoja.

Jibu: Soma mstari wa 34 na wa 36 pamoja. Yairo amesikia imani ya mwanamke imemponya, kisha anaambiwa binti amekufa, na Yesu anamwambia aamini tu. Usiwaeleze, waulize wameona nini.

Muulizaji: Kumbe Yairo alikuwa shahidi! Naandika maswali upya usiku huu.