Ruzuku ya kukarabati nyumba: kazi ianze kabla ya kibali?

Swali: Wakuu, nyumba ni ya zamani, kuta za matofali, madirisha ya kioo kimoja. Nataka ruzuku ya serikali ya kupunguza matumizi ya nishati. Fundi anasema tuanze, karatasi zitafuata. Ni sawa?

Jibu: Usikubali kabisa! Mipango mingi hukataa kazi iliyoanza kabla ya kibali, na mara nyingi kusaini mkataba tu huhesabika kuwa kuanza. Fanya ukaguzi wa nishati, peleka maombi na makadirio ya gharama, subiri barua. Fedha kwa kawaida hutoka kazi ikiisha, kwa hiyo andaa za kuwalipa mafundi. Lipa kupitia benki. Ankara itaje bidhaa, unene na mita za mraba. Ikisema "vifaa na ufundi" tu, itarudishwa.

Jibu: Kuta zitafunikwa kwa bidhaa ya kuzuia joto lisitoroke, na kinachopimwa ni ukinzani wa joto wa bidhaa hiyo: unene kwa mita, gawanya kwa kiwango cha bidhaa kupitisha joto. Pamba ya madini (nyuzi za mawe au kioo) ya sm 14 yenye kiwango cha 0.035 inatoa ukinzani wa 4. Yenye 0.040 inahitaji sm 16 kufikia hiyo 4.

Jibu: Madirisha yasitangulie kuta. Yakiziba hewa, mvuke wa ndani hugeuka maji kwenye ukuta baridi, hasa kwenye kona, na ukungu huota. Pampu ya joto (mashine ya umeme ya kupasha nyumba joto) nayo ipimwe kwa hesabu ya nyumba ambayo kuta na madirisha yamekwisha kuzibwa; ikizidi ukubwa itawaka na kuzima kila mara.

Muulizaji: Fundi anadai mkataba sasa.

Jibu: Kama mpango unaruhusu, andikeni kwamba mkataba utaanza kutumika ruzuku ikipitishwa.