Yah: Mashine inakula magunia ya chumvi

Wanajamii, poleni na baridi. Msimu huu nimechukua kazi ya kuondoa theluji kwenye maegesho manne hapa Brooklyn Park, Minnesota, mashine ya kurusha chumvi ya kuyeyusha barafu nimeifunga nyuma ya pikapu. Juzi magunia niliyopangia maegesho yote manne yameniishia kwenye la pili! Mlango wa kutolea chumvi uko namba 4, kama alivyouacha aliyeniuzia. Nakosea wapi?

---

Pole ndugu yangu. Hiyo namba 4 haina maana mpaka uipime mwenyewe, kwa chumvi unayotumia wewe. Iliyolowa haishuki kama iliyo kavu.

Simamisha gari, uzungushie turubai ile sahani inayorusha. Iwashe mpaka chumvi itoke mfululizo, zima, kung'uta turubai, halafu washa tena dakika 1 kamili. Pima kilichoanguka. Tuseme ni pauni 44. Sasa, maili 10 kwa saa ni futi 880 kwa dakika. Kama chumvi inaruka upana wa futi 20 (kapime kwa futikamba, macho yanadanganya), umefunika futi za mraba 17,600. Yaani pauni 2.5 kwa kila futi 1,000 za mraba. Rudia kwa kila namba ya mlango, bandika karatasi kwenye dashibodi.

Mimi kilichoniponza ni mwendo. Mashine nyingi ndogo za umeme hazijui gari linakwendaje: ukishuka hadi maili 5, zile 2.5 zinakuwa 5. Mwaka wa kwanza nilikuwa natambaa kwenye kona, nikaunguza nyasi za mteja. Theluji ilipoisha nikapanda nyingine kwa pesa yangu.

Tena angalia joto la lami, si la hewa. Likishuka chini ya nyuzi 15 za Farenhaiti chumvi ya kawaida inafanya kazi kwa shida sana, na ukizidisha inaishia mto Mississippi. Watu wa MPCA (idara ya jimbo ya kudhibiti uchafuzi) wanasema kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinachafua galoni 5 za maji. Wana mafunzo yao ya Smart Salting, ya kutumia chumvi kwa busara, nenda.

---

Asante kaka. Nimepima leo: namba 4 inatoa pauni 92 kwa dakika! Nimeshusha hadi 2, kesho napima tena. Ila nimetumia mizani ya bafuni, inafaa?

---

Inafaa. Jipime kwanza, kisha panda umebeba ndoo, utoe uzito wako na wa ndoo. Na uvue yale mabuti, yana theluji.